Mtu si Mshumaa

Mpaka leo siwezi kulala kwenye chumba kilichofungwa dirisha. Wajukuu zangu wananicheka, eti bibi anaogopa hewa nzito kuliko mwizi. Wananisomea habari za oksijeni kama vile wao ndio walioivumbua. Nawaacha waseme. Mie nilimjua huyo oksijeni kabla sijaambiwa jina lake, na nilimjua siku aliponikimbia, nikiwa na mtoto wa siku kumi na tisa kifuani.

Ilikuwa Temeke, enzi za Mwingereza. Mume wangu alikuwa seremala kwenye karakana ya Mhindi mmoja kule Chang'ombe, na nyumba yetu aliijenga mwenyewe kila akitoka kazini, kidogo kidogo, mpaka akaiezeka bati. Bati, si makuti! Mtaa mzima nyumba za bati zilikuwa tatu tu, na yeye alitembea kifua mbele kama mtu aliyepewa cheo. Nilipopata mimba ya kwanza akasema chumba changu atakitia dirisha la mbao ngumu, la kazi ya mkono wake. Alilitengeneza miezi miwili. Ukilifunga, hata wembe haupiti. "Upepo hautamgusa mwanangu," akasema, huku akiligonga gonga kwa kidole. Nilimpenda kwa lile dirisha, sioni haya kusema.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo aliyekuja kunilea nilipojifungua alikuwa mama mkwe. Alitoka kwake Yombo na mkeka wake, sufuria yake kubwa ya maji, na seredani mbili za mkaa, akahamia chumbani mwangu. Sitaki mtu anielewe vibaya. Yule mama alinipenda. Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, alinipikia uji wa pilipili manga mpaka machozi yakanitoka, na mwanangu wa kiume yeye akimwita "mume wangu". Ila mdomo alikuwa nao. Nikilia kwamba maji yananiunguza, ananiambia: "Ala! Kuzaa umeweza, maji ndiyo yamekushinda?"

Desturi yetu inajulikana. Mzazi hukaa ndani siku arobaini. Mtoto haonwi ovyo, na mzazi hapigwi na upepo, kwani mwili wake bado uko wazi na upepo ukimwingia hautoki tena. Basi mama mkwe akafunga dirisha, akateremsha pazia zito mlangoni, akasokomeza matambara chini ya mlango, akaweka seredani karibu na kitanda ili nipate joto. Na hakuwa mjinga. Mkaa aliuwashia uani, akaupepea, akasubiri moshi wote uishe na makaa yawe mekundu tupu, ndipo akauingiza ndani. "Kibaya ni moshi," alisema. "Makaa yakishaiva hayana neno." Temeke nzima ilijua hivyo, na mie nilijua hivyo hivyo.

Taabu yangu ni kwamba nilikuwa nimesoma. Si sana, miaka sita tu, lakini yatosha kumwondolea mtu usingizi. Shuleni tulikuwa na mwalimu mmoja wa kike kutoka bara, mwembamba kama fimbo, na kila asubuhi kabla ya darasa alitupanga mstari uwanjani. "Mikono juu, vuta pumzi! Shikilia! Shusha, toa!" Mara ishirini, kisha tunakimbia kuzunguka uwanja. Wazazi walilalamika kwamba binti zao wanarukishwa kama askari. Yeye hakujali. Alisema mwili usiotikiswa hulala, na mapafu yasiyofunguliwa huwa kama nyumba ya mtu aliyesafiri.

Siku moja akaleta mshumaa na bilauri. Akauwasha mshumaa juu ya meza, akaufunika na ile bilauri. Moto ukanywea, ukawa wa samawati, ukafa. "Moto unakula hewa," akasema, "na nyinyi mnakula hewa hiyo hiyo. Mkifungiwa chumba kimoja na moto, nani atashiba?" Tulicheka sana siku ile. Miaka minane baadaye, nimelala kitandani na seredani pembeni, lile swali likanirudia, nami sikucheka.

Wiki ya kwanza haikuwa mbaya. Jua liliwaka, mama mkwe alikuwa akiacha mlango wazi mchana akiingia na kutoka, na mkaa ulikuwa kiganja kimoja tu. Kila alipokwenda sokoni niliinuka kitandani kwa siri, nikasimama katikati ya chumba, nikafanya yale mazoezi ya shule. Si kwa ukaidi. Mgongo uliniuma, na nikinyoosha mikono na kuvuta pumzi nilijisikia mtu. Nilikuwa nafika ishirini bila taabu.

Halafu masika ikaanza. Mvua ya Temeke ile, inapiga bati mpaka hamsikilizani. Mlango ukafungwa mchana na usiku. Seredani moja ikawa mbili, kwa sababu nepi hazikauki. Mie nikafika kumi na mbili, nimechoka. Kesho yake tisa. Siku ya kumi na sita nilifika sita, na moyo ukanidunda kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Kichwa kilianza kuniuma kila alasiri, kwenye paji la uso, na kikaacha kila asubuhi nilipojifunika kanga kwenda chooni uani. Nilijiambia ni uchovu wa uzazi. Nilijiambia mengi.

Lakini mtoto! Mtoto alikuwa analala mno. Alikuwa amezoea kunyonya mpaka ananiumiza, sasa akinyonya mara tatu amesinzia. Nikimfinya unyayo, analia kidogo, analala tena. Mama mkwe alifurahi: "Kijana mpole huyu, hana makeke ya baba yake." Mie roho ilikuwa juu juu. Nilianza kuweka sikio puani mwake. Nilihesabu pumzi zake: moja, mbili, tatu. Zikichelewa, pumzi zangu nazo zinasimama kungoja zake. Nilikuwa sili vizuri, silali vizuri, sisikii hata ninachoambiwa. Nilihesabu tu. Nikipoteza hesabu naanza upya, kana kwamba hesabu yangu ndiyo iliyokuwa inamvutisha.

Siku ya kumi na saba nikajikaza. "Mama," nikasema, "tufungue dirisha kidogo tu. Hewa humu imekwisha."

Aliacha kukunja nepi, akaniangalia, na uso wake ukabadilika. Nilidhani atanigombeza. Badala yake akakaa kitandani, miguuni pangu, akaniambia jambo ambalo hata mume wangu hakuwahi kuniambia.

"Nimezaa tisa mie," akasema. "Saba hao unaowaona, wote wa kiangazi. Wawili walikuwa wa masika. Wa kwanza siku ya kumi na nne, wa pili siku ya ishirini na moja. Nimeamka, wamelala. Wazuri, midomo myekundu, hata kulia hawakulia. Upepo huo. Upepo wa masika unapita mtoto akiwa usingizini." Akapangusa uso kwa upindo wa kanga. "Yule wa pili nilimlinda kama yai. Ulipitia wapi sijui mpaka leo. Sasa wewe unaniambia nifungue dirisha?"

Ungesema nini hapo? Lakini mtoto akasinzia tena titini, na hofu ikashinda adabu. Nikamwomba aniletee mshumaa na bilauri. Akaleta, anadhani naugua. Nikauwasha, nikaufunika mbele yake, moto ukanywea, ukafa. "Umeona, mama? Makaa yanakula hewa yetu."

Alinitazama kwa huruma kabisa. Kisha akacheka, na kile kicheko nilikichukia siku ile. "Mama wee! Mtu si mshumaa. Mshumaa hauna mama wa kuulinda." Akachukua bilauri yake akaenda kuiosha. Mlangoni akageuka: "Kuishi kwingi ni kuona mengi, mwanangu. Shule yenu haijazika mtoto."

Jioni nikamweleza mume wangu alipokuja kusimama nyuma ya pazia kutujulia hali, maana hakuruhusiwa kukaa ndani. Nikamwambia hata dirisha lake ni zuri mno, ndilo linalotuua. Alikasirika kama nimemtukana. "Mama amelea saba," akasema. "Wewe umelea wangapi?" Nilitaka kumtupia kikombe, na ningekuwa na nguvu ningemtupia. Kumbe hata nguvu ya kukasirika ilikuwa imeniisha. Nililala nikihesabu.

Siku ya kumi na tisa mvua haikukatika tangu alfajiri. Mama mkwe alitandaza nepi juu ya kamba chumbani, akazijaza seredani zote mbili, akaja kukaa mkekani na ukili wake anasuka. Alikuwa ananisimulia habari za harusi moja ya Yombo, bwana harusi aliyekimbia. Nakumbuka nilitaka kuuliza alikimbilia wapi. Ulimi ukawa mzito, nikaona niulize baadaye.

Nilipofumbua macho sikujua ni saa ngapi. Mvua inapiga bati. Kichwa kinapasuka. Mama mkwe ameegemea ukuta, mdomo wazi, ukili umemdondoka. Nikageukia mtoto nikaweka sikio puani mwake. Moja. Nikangoja mbili. Nikangoja, nikangoja.

Nilitaka kupiga kelele, sauti haikuja. Nikainuka, miguu ikanikataa, nikaanguka chini na mtoto mkononi. Nikatambaa mpaka dirishani, nikashika komeo. Mbao zilikuwa zimevimba kwa mvua, zimekazana kama zimepigiliwa misumari. Nikamlaza mtoto sakafuni, nikavuta kwa mikono miwili. Lile dirisha la mapenzi halikutikisika hata kidogo. Nikalitukana, nikamtukana na aliyelitengeneza, Mungu anisamehe, nikamkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, nikatambaa kwenda mlangoni. Nikang'oa matambara kwa kucha, nikausukuma mlango kwa kichwa, nikaburura magoti ukumbini mpaka uani, mvuani, mzazi wa siku kumi na tisa, kichwa wazi.

Mtoto alikuwa amelegea kama kitambaa. Midomo yake ilikuwa myekundu, mizuri. Nilipoiona ile midomo nilijua. Nilijua ya mwanangu na nilijua ya wale wawili, yote kwa mpigo mmoja, na nikaona bora nife mie.

Sikujua dawa yoyote. Nilichojua ni kimoja tu. Nikamlaza mapajani, mvua ikimpiga usoni, nikashika vile vikono vyake viwili. Mikono juu, vuta. Shusha, toa. Juu, vuta. Shusha, nikambana kifua taratibu, toa. Sauti ilikuwa imerudi sasa, nilikuwa naamrisha kama yule mwalimu wangu: "Vuta! Vuta, baba! Toa!" Jirani yangu alichungulia juu ya ua wa makuti akadhani nimerukwa na akili. Nilipofika kumi na moja mtoto akapiga chafya. Akakunja uso, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akalia. Wallahi sijasikia kitu kizuri kama kilio kile.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mama yuko ndani.

"Jamani, mama! Mama yumo ndani!" Jirani akaruka ua, mwanamke mnene yule, sijui aliruka vipi, akaingia na kumtoa mama mkwe kwa kumburura na mkeka wake. Alikuwa hai. Alitapika pale uani, akafumbua macho, akaniona nimekaa matopeni na mtoto kanyeshewa, na neno lake la kwanza lilikuwa: "Upepo! Mwingize ndani!" Nikamwambia siingii. Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia mkwe wangu jambo.

Kesho yake dresa wa zahanati, mzee mmoja mwenye miwani, alitupima sote watatu. Akasema makaa mekundu yana sumu isiyoonekana wala kunukia, na chumba kikiwa kimezibwa sumu hiyo hushika nafasi ya hewa ndani ya damu. Dirisha liwe wazi mchana na usiku, akasema, na mzazi atembee uani kila asubuhi avute pumzi za kutosha, kwani mwili unaokaa bila kutikisika ndio unaochelewa kupona. Mama mkwe alisikiliza yote akiwa ameinamisha kichwa, mikono mapajani. Hakubisha hata neno moja, na kwa mtu mwenye mdomo kama wake jambo hilo lilinitia hofu zaidi.

Mume wangu alilitoa lile dirisha kwenye bawaba zake jioni ile ile. Alipomaliza alikaa chini ukutani akalia. Mie nikaanza mazoezi yangu uani hadharani, mtoto mgongoni. Mikono juu, vuta. Majirani walikuja kunitazama. "Haya, askari kanzu huyo!" waliniita. Nikafika nane, kumi na tatu, ishirini. Mtoto akarudia kunyonya kwa fujo zake. Ila usiku nilikuwa bado nahesabu pumzi zake, dirisha liko wazi na nahesabu, na nilihesabu hivyo mpaka ana miaka miwili.

Mama mkwe alinyamaza siku zote zilizobaki. Alinikanda, alinipikia, alifua nepi, hakutania tena. Seredani alizitoa zote mbili akaziweka nyuma ya choo.

Siku ya arobaini ikafika. Mtoto atanyolewa na kutolewa nje rasmi, ingawa nje alikwishatoka mwenyewe. Wanawake walikuwa wameanza kuchambua mchele barazani. Nikaulizwa mama yuko wapi, chumvi haijulikani ilipo. Nikaenda kumtafuta jikoni.

Alikuwa amechuchumaa peke yake, amenipa mgongo. Mbele yake pana mshumaa, kibiriti, na ile bilauri. Akauwasha mshumaa, akaufunika, akautazama unavyonywea mpaka ukafa. Akainua bilauri, akauwasha tena, akaufunika tena. Njiti zilizoungua zilikuwa zimelala pembeni, nyingi. Sijui alianza saa ngapi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba." Hakugeuka. Akangoja moto ufe. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Wale wangu wawili, mwanangu. Nao ilikuwa hivi?"

Nimesema uongo mara nyingi maishani, mwingine wa haja na mwingine wa upuuzi. Ule niliusema haraka kuliko wote. "Hapana, mama," nikasema. "Nyumba yenu ya zamani ilikuwa ya udongo na makuti. Ilikuwa na matundu kila mahali, hewa ilipita. Wale ilikuwa homa ya masika. Si wewe."

Akaupapasa mshumaa kwa kidole, mahali ulipokuwa bado wa moto.

"Niliyaziba," akasema. "Alipokufa yule wa kwanza. Niliyatafuta matundu yote, moja moja, nikayaziba kwa matambara. Siku tatu nilikuwa naziba."

Barazani waliita chumvi. Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamweka mapajani mwa bibi yake, nikakaa chini kando yao. Akainama, akaweka sikio puani mwa yule mtoto, kama nilivyokuwa nafanya mie, na nikamsikia anahesabu.